Watoto Waliomeza Kikohozi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kijiko cha chuma na kuambiwa nisipaze sauti. Ilikuwa Kibeta, Bukoba mjini, katika nyumba ya kupanga yenye kibanja cha migomba nyuma yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne zamani, nimeuza mitumba, nimebeba magunia ya kahawa, nimeishi Mwanza na Kigoma na kurudi nyumbani mikono mitupu. Niliposikia kuna mradi wa afya ya watoto unaotafuta mtu anayejua njia za Muleba na asiyeogopa boti, nilijua wananitafuta mimi. Nilitegemea kukuta ofisi. Nilikuta jiko.

Mkuu wa Jiko alikuwa Ma Leonida, mama mnene aliyevaa aproni nyeupe kama daktari.

"Ingia taratibu, baba," alisema. "Wamelala."

"Kina nani, mama?"

Alifungua jokofu, akatoa chupa ya kioo yenye maziwa mazito, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hawa."

Chupa ile ndiyo tuliyoiita mbegu. Ni mtindi wenye bakteria rafiki, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho ambao wataalamu huwaita probayotiki. Unachemsha maziwa, unayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, unatia kijiko cha mbegu, unafunika. Wanaamka, wanakula, wanazaana, na maziwa yanaganda. Kesho yake unachota kijiko kutoka mtindi huo na kuanzisha mwingine. Kwa hiyo mbegu haimaliziki isipouawa. Ma Leonida alisema aliyemo kwenye chupa leo ni yule yule aliyepokewa siku jiko lilipofunguliwa, amebadilisha maziwa tu kama mtu anavyobadilisha shati. Alikuwa anamsalimia kila asubuhi. Mwanzoni nilicheka. Baada ya mwezi mmoja nilijikuta namsalimia na mimi, na nikiwa peke yangu jikoni sikupenda kumpa mgongo.

Ninyi vijana mnaotaka kazi za utafiti, naomba mwelewe kazi yetu ilikuwa nini. Swali la mradi lilikuwa rahisi: mtoto au kijana akinywa kikombe cha mtindi huu kila siku ya shule, je, mafua, kikohozi na homa ya mapafu vitampata mara chache zaidi? Mratibu wa Mradi, ambaye ndiye alikuwa bosi wetu sote, alitueleza hivi: "Kinga ya mwili ina darasa lake tumboni. Hawa bakteria ni kama walimu wa zamu. Sijui kama wanafundisha vizuri. Ndiyo maana nimewaajiri."

Watoto waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikunywa mtindi wenye bakteria hai. Kundi la pili lilikunywa mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda, bakteria wote wamekufa, ladha ile ile. Ndoo moja ilikuwa na kifuniko cha bluu, nyingine cha njano, na sisi tuliogawa hatukuambiwa ipi ni ipi, ili tusiwaone watoto kwa macho ya upendeleo. Hali hiyo ya kutojua huitwa upofu wa utafiti. Nilitembea na ndoo mbili, moja ya wazima na moja ya wafu, na hadi leo sipendi kukumbuka kwamba zilikuwa na uzito sawa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi huko Nyanga. Hapo nilijifunza kusikiliza. Kuna kikohozi kikavu, kuna chenye makohozi, kuna kinachobweka kama mbwa mdogo, na kuna mtoto asiyekohoa kabisa lakini pua zinapanuka na ngozi kati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi. Huyo wa mwisho, alitufundisha Nesi wa Mradi, ndiye wa kukimbia naye. Nesi huyo aliitwa Ma Adventina. Alikuwa mwembamba, mkali, na saa yake aliivaa kifuani ili mikono ibaki huru.

"Utakaa mbele yao wakati wa kikombe," aliniambia. "Unagawa, unatega sikio. Akikohoa, unamwita pembeni, unamkagua. Akiwa mgonjwa sana, gari au boti, hospitali. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Sista."

"Mimi si Sista, nina watoto wanne. Umeelewa nini?"

Nilirudia yote. Watoto wa Nyanga hawakunipa shida, maana walikohoa, walipiga chafya, waligombania vikombe na kunikanyaga miguu. Baadaye nilihamishiwa milimani Muleba, upande wa Rubya, kwa familia za wakulima wa kahawa na migomba. Ukungu ulishuka asubuhi ukafunika barabara, nami nikawa nasikia shule kabla ya kuiona. Bibi mmoja alinisimamisha njiani, akafunua ndoo, akanusa.

"Mnawanywesha wajukuu wetu wadudu," alisema, "kisha mnawauliza mbona wanakohoa! Mae waitu, jamani, hata mchawi ana aibu."

Lakini siku ya Jumamosi alimtuma mjukuu wake kuomba kikombe chake mwenyewe.

Nilikuwa Rubya Mratibu aliponiita Bukoba. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. Kulikuwa na kisiwa upande wa Muleba, sitakitaja, chenye mwalo, maegesho ya boti za wavuvi wa dagaa waliotoka kila pembe ya ziwa. Mgawaji wa pale alikuwa ameacha kazi baada ya mtoto mmoja, Doto, kufariki kwa homa ya mapafu. Mtoto wa kijijini pale ndiye aliyekuwa akisaidia kugawa vikombe tangu hapo, chini ya usimamizi wa mwalimu wa shule shikizi, tawi dogo la shule ya msingi ya mbali.

"Na tangu hapo," Mratibu alisema, "hakuna hata mtoto mmoja aliyekohoa wakati wa kikombe. Vifuniko vyote viwili, bluu na njano. Nenda ukaone kule tunafanya nini ambacho huku hatufanyi."

Ma Adventina alikuwa amesimama mlangoni. "Watoto wanaolala kwenye moshi wa kuni," alisema, "wanaopigwa na upepo wa ziwa, na hawakohoi? Mimi nimekuwa nesi tangu sijaolewa. Sijawahi kuona."

"Ndiyo maana tunaita utafiti," Mratibu alijibu.

Nilifika mchana, jua limesimama. Juu ya maji kulikuwa na nguzo nyeusi zinazoyumba kama moshi wa nyumba zilizozama. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kwa mamilioni. Mchangani dagaa walikuwa wameanikwa, wanang'aa. Kabla sijashusha ndoo niliona watoto wameshapanga mstari. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyesukuma mwenzake. Mbele yao alisimama msichana wa kama miaka kumi na mbili, mrefu, kichwa kimenyolewa, jina lake Nyanjige. Ndiye aliyekuwa akisaidia vikombe.

Niligawa. Wote walishika vikombe wakanitazama. Kamasi ziliwatoka wengine, lakini hakuna aliyevuta pua. Nyanjige akainua kidole. Wakanywa pamoja. Akashusha kidole. Wakameza pamoja. Macho yao yalijaa machozi, yakang'aa, na midomo ikabaki imefungwa kama mifuko iliyoshonwa. Niliwahi kuona askari wakipanga mstari mbele ya mkuu wa nchi, hawakutulia hivyo. Kisha wakarudisha vikombe, wakaondoka kwa mwendo wa taratibu, nyuma ya vibanda, kuelekea kwenye mawe makubwa mwisho wa mwalo.

Muda kidogo baadaye sauti ikaanza kutoka huko kwenye mawe. Nzito, ya kukwaruza, nyingi kwa pamoja.

Nilikuwa nimekaa kwa Mama Nyanjige, aliyekuwa akiuza chai na samaki wa kukaanga. "Nini hiyo?" niliuliza.

"Mnandi hao," alisema bila kugeuka. "Wale ndege weusi. Wamejaa kwenye mawe. Wakishiba ndivyo wanavyolia."

"Mbona tulipopita na boti walikuwa kimya?"

"Bwana Mtindi," mvuvi mmoja akadakia, "umekuja kupima watoto au ndege? Maana ndege nao wanataka kikombe!" Kibanda kizima kikacheka, nami nikacheka.

Kulikuwa na mtoto mmoja tu aliyeniletea raha. Ni Kabula, mdogo wake Nyanjige, wa miaka sita hivi. Alipomaliza kunywa alikuwa anajivika kikombe kichwani kama kofia na kuniita Shemeji wa Ng'ombe. "Shemeji wa Ng'ombe, dada yetu hajambo huko zizini?" Dada yake alimfinya, naye akafunga mdomo, lakini macho yaliendelea kucheka. Siku zote nilimtafuta yeye kwanza kwenye mstari. Katika ukimya ule alikuwa kama dirisha.

Sikulala vizuri kisiwani. Darasani walikuwa kimya, kwenye michezo walikuwa kimya. Nikipita, kundi linalocheza lilisimama mpaka nipite. Mwalimu wa shule shikizi aliniambia nimepata watoto wenye nidhamu kuliko wote mkoani, nimshukuru Mungu. Kila baada ya kikombe, kule kwenye mawe, ndege walilia.

Kisha Kabula akaacha kunitania. Siku hiyo alisimama kwenye mstari akiwa ameegemea mguu wa dada yake, kikombe hakukimaliza. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamwangalia pua. Zilikuwa zinapanuka.

"Kabula, unaumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Amechoka," Nyanjige alisema. "Jana alianika dagaa."

Nilinyoosha mkono nimguse paji la uso. Nyanjige akarudi nyuma hatua moja na mdogo wake. Na mstari mzima, watoto wote, wakarudi nyuma hatua moja. Hawakutazamana. Waligeuka wakaondoka kuelekea kwenye mawe, na Nyanjige amembeba Kabula mgongoni.

Safari hii nikawafuata. Sauti ilikuwa imeshaanza. Mnandi walikuwa wamesimama juu ya mawe, mabawa yamefunguliwa kukausha, weusi kama makanzu kwenye kamba. Nilipokanyaga jiwe la kwanza wakashtuka. Waliruka wote, kundi zima, wakaenda juu ya maji na kuingia katikati ya zile nguzo za wadudu.

Ndege waliondoka. Sauti ikabaki.

Ilitoka chini, upande wa maji. Nikachungulia. Watoto walikuwa wamekaa kwenye upenyo kati ya mawe, wamenipa mgongo, wameelekea ziwani. Walikuwa wanakohoa. Wengine wameuma vitambaa, wengine wameinamisha vichwa katikati ya magoti, mabega yanaruka. Walikuwa wanatoa kikohozi cha kutwa nzima, walichokimeza mbele yangu, mbele ya mwalimu, mbele ya mama zao. Jiwe dogo likanitoka mguuni, likaanguka majini.

Wakanyamaza wote mara moja. Kwenye ukimya huo nikasikia kitu kimoja tu, pumzi ya Kabula aliyelala mapajani mwa dada yake, fupi na ya haraka, kama msumeno kwenye mti mlaini. Yeye hakuwa anakohoa. Hakuwa na nguvu hiyo tena. Ngozi kati ya mbavu zake iliingia ndani na kutoka.

"Hatukohoi," Nyanjige aliniambia.

"Nimewasikia, mwanangu."

"Ni ndege."

Juu ya mawe hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Nyanjige, mdogo wako anakufa."

"Usimchukue!" Alimkumbatia. "Doto alikohoa kwenye kikombe. Mwenzako akamwita pembeni. Akamweka kwenye boti. Sisi tuliona boti ikirudi, naye amefunikwa. Anayekohoa kwenye kikombe anachukuliwa. Huyu hajakohoa! Waulize wote. Hajakohoa hata mara moja!"

Watoto wote wakanitazama na kutikisa vichwa pamoja, kumshuhudia.

Bahati Ma Adventina alikuwa amefika asubuhi ile kwa ukaguzi, kwa sababu moyo wake haukuwa umetulia tangu siku ile ya mlangoni. Nilimkimbilia. Yeye alikuja bila kukimbia, akavua viatu, akashuka kwenye mawe, akakaa chini kati ya watoto kama mmoja wao. Alimtazama Kabula kifua huku ameshika saa yake. Kisha akamgeukia Nyanjige.

"Doto hakufa kwa sababu alikohoa. Alikufa kwa sababu alichelewa. Alikuwa ameumwa siku nyingi ndipo akasikika. Kikohozi ndicho kilikuwa kinamwombea msaada."

"Unaapa huyu atarudi?"

Mimi ningeapa. Ma Adventina alimshika Nyanjige mkono. "Siapi," alisema. "Siwezi kukuahidi atapona. Nakuahidi kwamba hapa kwenye mawe hatapona. Sasa twende wote. Wewe ukae naye kwenye boti, kitandani ukae naye, mkono wako usitoke kwenye mkono wake. Mimi nitalala sakafuni. Mama yako naye atakuja."

Tulipofika kwenye boti, watoto walikuwa wameshatutangulia. Walisimama ndani ya maji hadi kifuani, wameshikana mikono, mstari mmoja kutoka upande huu wa boti hadi ule. Wavuvi waliwafokea. Mama zao waliita majina yao. Hawakusogea na hawakusema neno. Mvuvi yule aliyenitania kuhusu ndege alivua kofia, kwa nini sijui, akabaki ameishika.

Nyanjige akapanda na Kabula. Akasimama, akawaambia wenzake kwa Kisukuma. Mama yake alinitafsiria baadaye: "Mimi ndiye ninayempeleka. Hachukuliwi." Mstari ukafunguka katikati kama mlango.

Niliachwa kisiwani nisubiri. Watoto hawakuja kwenye kikombe siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Walikaa mchangani kutwa wakitazama upande boti ilikokwenda, na mtindi ukachachuka ndooni. Mtandao wa simu ulikuwa wa kubahatisha. Mara moja nilimsikia Ma Adventina akisema neno "oksijeni", kisha simu ikakatika. Mama mmoja alikuja kuniuliza, kwa upole, kama ninajua kuogelea. Nilielewa kilichonisubiri kama Kabula asingerudi mzima.

Boti ilirudi saa za asubuhi, ziwa likiwa jeupe kama maziwa. Watoto walisimama. Nilijua wanatafuta nini, maana na mimi nilikitafuta: kitu kilicholala sakafuni mwa boti, kimefunikwa. Tulimwona Nyanjige ameketi mbele. Tulimwona mama yake. Mikononi mwao kulikuwa na kitenge kilichokunjwa, na kwa muda mrefu kuliko boti yoyote inavyochukua kufika, kitenge kile hakikutikisika.

Kisha kikainua kichwa.

Kabula alishushwa mchangani, amekonda, miguu inatetemeka. Alitutazama. Halafu akakohoa, kikohozi kile kidogo cha mtu anayepona. Watoto wote wakaganda. Wakamtazama Ma Adventina. Yeye alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake kwenye boti, hakugeuka hata kidogo. Kabula akakohoa tena. Hakuna aliyemchukua.

Mtoto mmoja nyuma akakohoa. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akasubiri. Kisha mwingine. Kisha pwani nzima ikaanza kukohoa, wakubwa kwa wadogo, kwa sauti, mbele ya wazazi wao, wengine huku wanalia, na akina mama wakasimama hapo wameshika vichwa, kwa sababu ndipo waliposikia kwa mara ya kwanza walikuwa wamelea nini ndani ya nyumba zao. Ma Adventina alianza kuwakagua papo hapo. Wengine wawili walipanda boti siku ile, kila mmoja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Wote walirudi.

Mratibu alipopata habari alifungua daftari la hesabu. Kisha akaondoa hesabu zote za kisiwa kile katika utafiti na kubadilisha utaratibu wa kazi. Hakuna tena mgawaji kusimama mbele ya watoto na kutega sikio. Maswali yakaulizwa nyumbani, na mgonjwa akaenda hospitali na mtu wake. "Tulikuwa tunapima woga," aliniambia, "tukauita kinga."

Mradi ulipofungwa, vifuniko vilifunuliwa tukaambiwa ipi ilikuwa hai. Sitawadanganya kuwa nilielewa majibu yote. Mratibu alikuwa mwangalifu. Alisema mtindi ule huenda ukampunguzia mtoto mafua kidogo, na haumdhuru mtoto mwenye afya, lakini hauchukui nafasi ya chanjo, wala ya dirisha lililo wazi, wala ya kutoa moshi nje ya nyumba, wala ya kumwahisha mtoto kwa daktari. Ma Leonida aliuliza mbegu itaenda wapi. Alipoambiwa imwagwe, aliibeba chupa kifuani akaondoka nayo bila kuaga.

Watu hunicheka nikisema nimestaafu, maana bado sijafika hamsini. Lakini sikutafuta kazi nyingine ya afya. Natembea. Nanunua ndizi huku nauza kule, nalala kwa ndugu, nahama. Nikipita shuleni nasimama kidogo. Siku moja nilikuwa Rubya, nikakuta watoto wa mafundisho wamepangwa mabenchini, katekista wao ametoka kidogo, nao wamekaa wima, wanatazama mbele, hakuna anayecheza. Niliweka mzigo chini, nikasimama mlangoni.

Katekista aliporudi alinikuta hapo. "Ndugu, unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

"Sasa unasubiri nini?"

Nilitega sikio tu. Tulisimama hivyo, yeye akinitazama kwa mashaka, watoto wakitutazama sisi, mpaka kule benchi la nyuma mtoto mmoja alipokohoa. Jirani yake akamcheka, akampiga kofi la mgongo. Nikabeba mzigo wangu nikaenda.